Herufi Thelathini na Nane

Walinipa kazi kwa sababu naelewa Kibukusu
na sijui kukataa pesa mwezi wa Januari.
Masharti yalikuwa mepesi: mistari miwili chini ya picha,
kila mstari herufi thelathini na nane,
nafasi na nukta zimo.
Jicho la mtazamaji, waliniambia, lisichoke.

Yeye, muuaji, hakubanwa na herufi.
Alipewa dakika hamsini na mbili.
Alipewa utoto: nyumba ya mabati upande wa Misikhu,
baba mkali, mbuzi aliyekufa katika hali ya kutatanisha.
Mwalimu wake wa darasa la sita akaletwa
kuusifu mwandiko.
Mtaalamu wa saikolojia akaja kutoka Nairobi na skafu ya hariri
akasema, "Alikuwa na mvuto,"
nami nikachapa mvuto,
nikafuta, nikachapa tena, maana ndivyo alivyosema.
Mtu aliyepima mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa kitako,
soko zima la Webuye likijua,
wakamwekea ngoma ya polepole kila akivuka barabara.

Wanawake watano walipangwa kwenye ramani,
vidoto vyekundu kando ya Nzoia.
Wa tatu ni Metrine Khakasa.
Nilihesabu: sekunde kumi na moja,
na sita kati ya hizo ni kiatu.
Chekundu, cha kisigino, kimelala ubavu kwenye tope la kalvati.
Metrine alivaa akala.

Mama yake, Mama Respah, aliongea nao dakika nne na nusu
akiwa ameketi mlangoni, kuku wakimpita miguuni.
Ninayo sauti yote. Hakulia.
Alisema binti yake alikuwa mbishi
kama kifuniko kilichopinda: ukikibonyeza huku, kinainuka kule.
Kwamba alimnyima dada yake kitana wiki mbili kwa ajili ya neno moja.
Kwamba asubuhi ile alichukua vitunguu kwa mkopo
kwa Nabalayo, vya shilingi sabini,
akasema nitalipa jioni.
Kwamba matanga yalipoisha, yeye mama alifunga sabini
kwenye ncha ya leso, akaenda sokoni kwa miguu,
na Nabalayo akakataa kuzipokea,
wakasukumiana zile sarafu mpaka zikaanguka,
wakapiga magoti wote wawili kuziokota,
na hapo chini, kati ya magunia, ndipo —

Mwongozaji akainua kidole.
"Kwa kifupi, anasema nini?"

Kwa kifupi.
Nikaandika: Alikuwa msichana mwema.
Herufi ishirini na tatu. Jicho halikuchoka.

Walituonyesha filamu Bungoma, ukumbi wa hoteli,
soda moja kwa kila familia.
Nilikaa nyuma ya Mama Respah. Kiatu kilipotokea
akageuka: "Hicho ni cha nani?"
Kisha akajiona mwenyewe, mkubwa kama ukuta,
midomo ikienda, maandishi meupe kifuani mwake.
Hajui kusoma. Akaniuliza kwa sauti ya chini,
"Hapo nimesema nini?"
Nikamwambia, "Umesema habari ya vitunguu."
Akaitikia kwa kichwa. Akainywa soda yake
mpaka tone la mwisho.

Sasa ni miezi minane. Filamu ilipata tuzo mahali fulani.
Sura ya yule mtu inauzwa kwenye fulana, nimeiona Kanduyi,
mia nne, ukishindana mia tatu na hamsini.
Mimi usiku nahesabu kwa vidole
kama mtoto wa chekechea, natoa neno, narudisha neno,
na jana, umeme ukiwa umepotea, likanijia zima:

Alikwenda na deni la vitunguu: sabini.

Hesabu wewe. Nafasi zimo, nukta imo.
Lingeenea.