Matundu Mekundu na Meupe

Riali tisini, na baisa za kunywea chai,
ndizo nilizotoka nazo Al-Khudh,
nimezikunja ndani ya bili ya umeme ya Juni
ili nikizitoa zinione haya.

Ruwi, saa kumi na nusu, lami ingali inatokota.
Ndani ya duka la Biju kiyoyozi kinakohoa.
Kiarabu chake cha dukani, changu cha ukubwani,
tukakutana katikati.
"Dada, chaneli ngapi? Tano? Saba?"
Nikamwambia: vyumba vinne.
Majlisi, ambamo Ghalib hutazama mpira
kana kwamba filimbi iko mdomoni mwake.
Jikoni. Kwangu.
Na kile cha mwisho wa ukumbi, cha mama.
Spika ndogo ninazo, nimezinunua mojamoja tangu Ramadhani.
Nataka risiva ya kuziamrisha,
sauti itembee nyumba nzima
bila kuburura mkia.

Akatoa ya kwanza, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Mia mbili na kumi.
Nikairudisha kwa macho.

Ya pili, arobaini, blututhi peke yake.
Nikaenda na simu nyuma ya mafriji:
sauti ikakatikakatika
kama mtu anayesema huku anatafuna.
Na kuta zetu ni za tofali nene,
alizijenga marehemu baba, asiyeuamini hata upepo.
Rahisi huvunja upishi.

Ya tatu ndiyo hii, themanini na nane,
ya mwaka huu, ina waifai, ukiisemesha inatii.
Mkono ulishafika kwenye mkoba.
Kisha nikaigeuza,
kama mama alivyonifunza kumfunua samaki shavu
kabla ya kuuliza bei.
Mgongo mtupu. Vitundu vyembamba, vyote vya kisasa.
"Matundu mekundu na meupe yako wapi?"
Biju akacheka. "Nani bado anayatumia?"

Nimwambie nini?
Kwamba kuna bati la maziwa ya unga chini ya kitanda,
lina kaseti sabini na tatu?
Kwamba Bi Shinuna, dada yake mama, hakujua kuandika,
akazisemea barua zake kule Wete,
akampa kila msafiri moja:
bei ya karafuu, nani kajifungua, nani hamsalimii tena nani?
Kwamba deki yetu ina nyaya mbili tu,
mmoja mwekundu, mmoja mweupe,
wala haijui waifai ni mnyama gani?

Nikamwambia hivyo hivyo.
Akapanda ngazi, akashuka na ya mwaka jana,
boksi limepasuka pembeni, matundu yote yapo.
Themanini na nne. Akapunguza mbili, sikumwomba.
"Mama yangu hutuma sauti kila alfajiri," akasema,
akitafuta mkanda wa gundi.
"Dakika sita. Sijapata kuisikiliza hadi mwisho."

Nyumbani, kitu kisicho na waya kikataka nyaya saba.
Nilizihesabu, nimelala kifudifudi majlisini,
Ghalib akiruka juu yangu asikose kona.
Spika ya tano imekosa pa kusimama:
stendi riali kumi na mbili, nimebakiwa na nane.
Tumeipandisha juu ya gunia la mchele.

Nikatia kaseti.
Ukaanza ule mvumo, kama mvua ya mbali,
kisha pumzi, kisha yeye.
Majlisini anawahi, jikoni anachelewa kidogo,
Bi Shinuna akawa anajifuata mwenyewe ukumbini.
Mwongozo unasema tofauti hiyo haihisiki.
Aliyeuandika hana shangazi.

"Umenisikia, Ghaniya?" akauliza majlisini.
"Umenisikia, Ghaniya?" jikoni.
Na kule mwisho wa ukumbi, mama, kwa ukali:
"Nimekusikia tangu mara ya kwanza!
Makelele ya nini?"

Kisha jogoo akawika, wa Wete, saa tatu usiku,
na wa jikoni akamjibu.