Paundi Sitini

Nimeachiwa funguo tatu, daftari la mraba,
kipimo cha shaba chenye ufa kiooni,
na nyumba isiyo na msingi.
Nyumba ya bati jeupe, ya Sinyora Ornella,
imeegeshwa nyuma ya gereji ya Mwambire, njia ya Kasuarina.
Ndani mna jiko la gesi, mna pazia la maua,
na chini ya vyote hivyo, kitanda, sahani,
picha ya marehemu mumewe,
hakuna jiwe, hakuna saruji:
upepo tu,
upepo uliofungiwa katika mipira minne.

"Paundi sitini," alisema, akiniinulia vidole sita,
"kila tairi, Nyevu, kila Jumatatu,"
akapanda ndege, akaenda kwao kutibiwa nyonga.

Mimi ni fundi wa pancha. Nimezoea tairi zinazokuja zikilia,
zimekanyaga msumari Gongoni, chupa Maweni,
mwiba wa mgunga njia ya Baricho.
Hizo hazina siri. Unang'oa, unakwangua, unatia gundi,
unabandika kiraka, unapokea mia mbili yako.
Lakini tairi isiyokwenda popote,
inayosimama tu pale pale na kupungua,
hiyo sikuwa nimefundishwa.

Jumatatu ya kwanza: sitini, sitini, sitini, sitini.
Ya pili: sitini, sitini, sitini, hamsini na nane.
Nikasema ni baridi ya asubuhi.
Ya tatu: hamsini na tano.
Kushoto nyuma. Siku zote kushoto nyuma.

Mwambire akacheka: "Gari limelala, unalipima homa?"
Nikamwambia aliyelala ndiye hupimwa;
mzima atakuja kukwambia mwenyewe.
Nami napima alfajiri, maana jua la Malindi ni rongo:
likishaipasha tairi, mshale unapanda,
unaandika sitini, unakwenda zako na furaha,
na usiku upepo unatoka
kama mgeni asiyeaga.

Nikazifunika magunia, chumvi na jua visile ubavu.
Kila mwezi tukaisukuma nusu mzunguko,
mimi na kijana wa kuosha magari,
maana mgonjwa wa kitandani hugeuzwa.
Nikakoroga sabuni ya unga ndani ya kopo,
nikapaka povu kwenye mkanyago, ubavuni, mdomoni mwa rimu.
Kimya.
Nikaweka shavu karibu, kama mkunga.
Kimya.
Nikapaka kwenye valvu,
na povu likavimba jicho moja,
likapasuka, likavimba tena,
dogo kama pumzi ya mtoto anayejifanya amelala.

Waliosema habari za ufa na ukuta
hawakuwahi kujenga juu ya upepo.
Huku hakuna ufa. Kuna chembe ya mchanga
iliyoingia kooni mwa valvu
kwa sababu valvu haikuwa na kofia.
Kofia ya plastiki! Kitu cha shilingi kumi.
Tatu zilikuwepo. Ya nne?

Jioni nilimkuta Tsofa, mwanangu, sakafuni,
anacheza dama kwa vifuniko vya soda,
na mfalme wake, mweusi, mdogo kuliko raia zake wote,
namjua.
"Nilimuokota chini, mama. Siku ile tuliyokwenda wote."
Siku ile. Jumatatu ya kwanza.
Nilikuwa nimekwisha kupima, simu ikalia,
nikaikaza kofia kwa mkono mmoja,
nikiongea.

Sikumchapa. Ningemchapa kwa lipi?
Nilimpa kifuniko cha tangawizi awe mfalme mpya,
nikabadilisha koo la valvu, nikajaza,
na daftarini, mbele ya hamsini na tano,
nikaandika: mkono wangu.

Sinyora alipiga simu jana. Nyonga inapona polepole.
"Nyumba haijambo?"
"Imesimama," nikasema.

Leo ni ya tisa: sitini, sitini, sitini, sitini.
Nimekaza kofia zote hadi kidole kikauma,
nimefunga geti, nimefika barabarani,
nimerudi
nikakaza ya kushoto nyuma.