Uzito wa Eliseo

Mara ya tatu sasa napanda ngazi za Los Boldos,
hojaji kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki,
maana mvua ya Talcahuano haiulizi umevaa nini.
Mbwa wameshanizoea, wananinusa na kulala tena.
Binadamu ndio bado.

Huku hodi hubishwa kwa makofi mawili getini
na sauti ya "aló", kama mtu anayepokea simu
ambayo hakuna aliyeipiga.

Don Hernaldo alinifungulia siku ya kwanza.
Miaka thelathini na mmoja kiwanda cha chuma, sasa pensheni,
chai, mkate wa kuchoma, parachichi la kuponda.
Nikamweleza: safari ni kila kutoka, hata kufuata mkate.
Jana, wewe na mkeo, mlisafiri?
"Jana? Na mvua ile?"
Watu wawili, safari sifuri.
Nikaiandika sifuri kwa wino mzuri, akatia saini,
akanifungia kipande cha keki cha njiani.

Hivyo ndivyo mji unavyojieleza:
kwa vinywa vya wenye nafasi.

Nyumba namba 214 hainijibu.
Inanijibu kamba yake ya nguo.
Jumanne, sare ya buluu ya wafagiaji wa hospitali.
Alhamisi, soksi za shule, na aproni yenye magamba ya samaki.
Leo sare ile ile, nje ndani, inachuruzika.
Yeyote anayeishi humu hatulii.
Hutoka sijaamka, hurudi nimeshalala,
na katikati sijui anabadilisha mabasi mangapi.
Anasafiri mno hata hapatikani kuulizwa kama anasafiri.
Naandika 07: hayupo.

(Kwangu mwenyewe, chini ya mlango,
nilikuta kadi ya mwenzangu:
Tulikuja mara mbili. Hukuwepo.)

Ofisini Concepción, Yasna Oyarzún anakunja uso mbele ya kompyuta:
vijana wa kiume wa mtaa huu wamepungua kwenye majedwali.
Hawakufa. Hawakujibu.
Tunaye mmoja tu, Eliseo Paillao, miaka ishirini na minne,
mpakiaji wa makontena bandarini,
aliyejibu maswali yote bila haraka
kwa kuwa alikuwa nyumbani,
kifundo kimevunjika, plasta mpaka gotini.
Safari: sifuri.

Yasna akampa uzito, sitini na moja nukta tatu.
Kanuni inaruhusu. Kanuni inataka.
Na pale pale wapakiaji sitini na mmoja,
na kipande cha mwingine,
wakaketi dirishani, plasta mpaka gotini,
wakitazama mvua,
na basi la saa kumi na moja alfajiri
likakosa abiria kwenye karatasi.

"Andika basi kuhusu ule mguu," nikasema.
"Hakuna safu ya mguu," akanijibu, bila ubaya,
na akanisogezea kahawa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Labda. Ila mshindo nao hauna msimbo,
na bajeti ya mabasi inapitishwa Ijumaa.

Kesho yake niliamka saa kumi, bila hojaji,
nikasimama kituoni, chini ya ngazi.
Walishuka gizani, viatu vikavu mifukoni,
mmoja akisoma simu, mmoja akila akitembea,
na mwanamke mwenye sare ya buluu
bado mbichi mabegani.
Nikafungua mdomo.
"Samahani, binti, sina muda,"
akasema kabla sijasema,
akapanda.

Nikaanza kuhesabu vichwa. Nilifika thelathini na nane,
kisha pumzi zao zikaziba vioo
na basi likaondoka.