Akiba Haiozi

Daktari Feride hakumgusa mwanangu mara moja.
Aliishika kwanza gilasi ya chai kwa mikono miwili,
akangoja joto limwingie vidoleni,
maana nje Erzurum ilikuwa imeganda,
na kende, alisema, zina haya:
zikiguswa na baridi hupanda kujificha
ukadhani hazipo.

Kisha akapapasa.
Kulia, ipo.
Kushoto, mfuko mtupu,
laini kama soksi iliyokosa mguu.
Akapanda na kidole hadi kinenani, akanyamaza.
"Imekwama njiani," akasema.
"Zote huanzia tumboni, jirani na figo,
zikashuka kabla mtoto hajazaliwa.
Hii ilianza safari, ikachoka."

Mimi huendesha greda la theluji.
Barabara iliyofungwa katikati naijua.
Nikadhani maneno yamekwisha,
nikaanza kumvisha Kutay suruali.

"Ngoja. Moja ikichelewa, huwauliza majirani."

Akilia, pana uvimbe hapa?
Nazife akajibu: kila usiku, kama yai la njiwa.
Ngiri, akaandika.
Akamulika tundu la mkojo.
Halikuwa nchani. Lilikuwa chini, upande wa ndani,
kama kifungo kilichokosea tobo.
Miezi minane ya nepi, sikuona.
Nazife aliona.
Alikuwa amelificha kama deni.

Baadaye mafuta ya baridi, kioo cha kijivu,
mtoto akipiga mateke:
figo moja.
Figo ya pili.
Sijawahi kuhesabu hadi mbili
kwa jasho lile.
Damu ikapelekwa Ankara kwa wasomao kromosomu,
majibu baada ya wiki tatu, au nne, kutegemea theluji.

Mlangoni akatuita tena:
"Na tohara msimfanyie.
Ile ngozi ndiyo kitambaa nitakachoshonea."

Nyumbani, suti nyeupe ilikuwa imetundikwa tayari,
na joho lenye manyoya, na fimbo ya kisultani.
Baba, Mzee Sezai, alikwisha kumlipa mpiga ngoma wa Julai.
Aliuma bonge la sukari, akanywa chai juu yake
huku nikimweleza. Hakusema kitu
hadi sukari ikayeyuka yote.

"Ndugu yangu Hikmet," akasema,
"hakuwahi kwenda hamamu na wanaume."

Akavunja bonge jingine kwa kinyundo,
hakulila.

Asubuhi nilirudi kazini saa kumi, giza,
nikasukuma theluji mpaka njia panda ya hospitali,
na njia ile nikaikwangua mara mbili.
Nilipopita sokoni nilimwona baba
kwa fundi cherehani, suti mkononi,
akibishana:
hapana, usikate,
panua kiunoni, ongeza urefu,
na kitambaa kinachobaki
kikunje ndani ya pindo,
vidole viwili, hapana, vitatu,
hatujui atakuwa mrefu kiasi gani.