Jani la Nane

Fundi Kashindye, uliniuliza swali moja tu
ukiwa umelala chini ya chasisi pale Ng'ambo,
miguu nje, sauti ikitoka tumboni mwa gari:
"Utabeba nini?"
Nikasema asali. Ndoo arobaini, hamsini Mungu akijalia,
kutoka kwenye mizinga ya Ulyankulu, ndani kabisa,
ambako njia ni jina tu la mahali
walipokwama waliokutangulia.

Ukacheka. Ukagonga springi za zamani kwa spana:
majani matano, mawili yamepasuka,
yamelala bapa kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
"Haya," ukasema, "yamechoka kuitikia."

Siku tatu. Jeki, magogo ya mninga, boliti zilizoshikwa na kutu
tukazimwagia dizeli zilale nayo usiku kucha,
moja ikagoma hata hivyo, ukaikata kwa msumeno
ukiitukana kwa Kinyamwezi, taratibu, kama anayebembeleza mtoto.
Ukatoa majani mapya, meusi, yaliyopinda kama upinde,
saba,
halafu ukanitazama, ukatazama mawingu, ukaongeza la nane.
Shokapu ndefu, bushi mpya, grisi mpaka kwenye kope.
Gari likasimama inchi tatu juu ya jana.
Vijana wako wakalibatiza Twiga.
Nililipa milioni moja na debe la asali,
ikabaki elfu sitini ambayo hujanidai.

Desemba nikaingia mbugani, tope jeusi,
pale pale ambapo mwaka wa nyuma nililala siku mbili
nikila mali yangu mwenyewe kwa kidole.
Nikapita. Difu haikugusa kitu.
Ndoo hamsini nyuma, hakuna hata moja iliyodondosha chozi.
Nikapiga honi porini, sijui nikimpigia nani.
Nyuki, labda.

Lakini hukuniambia habari za kurudi mtupu.
Bila mzigo Twiga hupiga mateke.
Kila kishimo anakuhesabia mbavu,
kila mzizi anautafuta kwa meno yako.
Majani nane ya chuma hayana huruma na kitu chepesi.

Agosti miti ikapukutisha. Yale majani mengine, ya miyombo,
yakajaa njiani, makavu, yakilia chini ya matairi.
Mama naye akaanguka. Kisimani. Nyonga.
Kilomita themanini hadi Kitete,
na mama, fundi, amebaki kilo arobaini na moja
pamoja na kanga zake mbili.
Tukamlaza nyuma kwenye godoro. Nikawasha, nikaenda hatua ishirini,
nikasikia alivyolia.
Nikazima.

Asali ilikwisha kuuzwa, ndoo zote tupu, zimepinduliwa uani.
Basi nikachukua koleo.
Mimi na shemeji yangu Lubigisa, na watoto waliotoka shule,
tukachota mchanga wa mto mkavu,
magunia ishirini, tukayapanga ubavuni mwake huku na huku
kama watu waliokuja kumjulia hali.
Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu, nikiangalia:
jani la kwanza likalegea, la pili,
la tano likasita,
mpaka la nane, lile lako, likakubali kuinama.

"Unapeleka mchanga Tabora?" mama akauliza.
"Kwani Tabora mchanga umekwisha?"
Nikasema upo, mama, tele, mpaka mlangoni kwa watu.
Huu ni wa kukusindikiza.

Saa nne njiani. Baada ya Twiga kuvuka korongo la pili
nikageuka kumtazama: amelala, mdomo wazi,
mkono mmoja juu ya gunia.

Nimeyashusha magunia nje ya geti lako leo asubuhi,
ulikuwa hujafika. Usimpe mtu wa kujengea, fundi.
Elfu sitini yako ipo, nitakuja nayo.
Wiki ijayo wakimruhusu
tunaurudisha nyumbani mchanga wetu,
wote, mpaka gunia la mwisho.