Wale, Wasimalize

Eskil alizaliwa na mifupa mizito.
Picha ya eksirei ilitoka nyeupe
kama uwanja wetu wa Lycksele mwezi Februari:
hapakuwa na pango la uboho, wala kivuli,
jiwe mpaka ndani.

Daktari Rautio alichora nyuma ya bahasha.
Seli hizi, akasema, huzaliwa na damu,
husafiri moja moja hadi mfupa uziite.
Hapo hukaribiana, huvunja kuta zao,
huwa seli moja yenye viini kumi, ishirini,
iliyogandamana na mfupa, inaumwagia asidi.
Anayeziita ni mjenzi mwenyewe.
Na mjenzi huyohuyo hutupa chambo cha uongo
ili mwito upotee njiani, walaji wasizidi.
"Za mtoto huyu zinaungana, tena kubwa ajabu.
Ila hazina mdomo."

Mama akauliza, nani anataka kuliwa?

Baba, fundi wa barabara za mkoa,
aliyezijua nyufa za barafu kwa majina,
akamjibu kabla ya daktari:
shimo halizibwi bila kukatwa kingo.
Ukimwaga lami juu ya lami
barabara hupanda, hupanda, mwisho huziba mlango.

Mlango wa Eskil ulikuwa tundu
unamopita mshipa wa jicho.
La kushoto lilikwisha fungwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Damu zetu zililingana.
Kule Umeå walinilaza kifudifudi,
wakachota uboho nyongani mwangu.
Niliahidiwa skii mpya.
Nilipewa za mtumba.

Majira hayohayo ya baridi bibi Alfhild
alivunjika mkono akiinua sufuria ya viazi.
Homoni iliyowatuliza walaji wake
iliondoka zamani, bila kuaga.
Bandu bandu, gogo likaisha.
Alicheka: "Mjukuu hana meno, mimi nimeota mengi mno."

Julai, picha nyingine. Ndani ya paja la Eskil,
mstari mweusi, mwembamba kama uzi.
Mama aliibusu ile plastiki.

Sasa ana miaka thelathini na moja, jicho moja,
na kinachomla ni mimi.
Akijigonga goti mezani hunipigia simu:
"Waambie watu wako wapunguze."
Nami, usiku, kabla sijalala, huwaambia:
wale,
wasimalize.