Banda la Njiwa, Zabrze

Ishara ya kwanza haikuwa kikohozi;
kikohozi kilikuwa mpangaji wetu
tangu kabla mgodi haujafungwa.
Ilikuwa chai.
Ginter aliimimina kando ya kikombe,
taratibu, kwa adabu, hadi kitambaa cha meza kikalowa,
kisha akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyekisogeza.

Picha ilipigwa Gliwice. Daktari, binti mdogo mwenye mafua,
aliigeuza skrini ituelekee:
hapa pafu la kushoto, hapa palipoanzia.
Na huku (akapanda na kalamu hadi kichwani)
vipo vitatu.
Vitatu nini, hakusema. Nikaona mayai
katika kiota kilichojengwa pasipo pake.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nami nguo zake nilizifua miaka thelathini na mmoja,
maji yakitoka meusi, yakitoka kijivu, yakitoka maji,
nikadhani nimekwisha kukifua.

Siku za mionzi humvika barakoa ya plastiki yenye matundu,
wakamfunga mezani asitikisike.
Anasema inanuka kama banda. Anasema asante.
Maneno yanaondoka moja moja, hayaagi:
juzi kijiko, jana Alhamisi,
leo asubuhi jina la dada yake.
"Kile," anasema, "cha kile."
Nampa chumvi. Sicho. Nampa miwani. Sicho.
Nampa mkono wangu.
Anaushika, lakini sicho.

Jumamosi wenzake wa klabu walirusha njiwa kutoka Magdeburg,
kilomita mia tano, upepo ukiwapiga usoni.
Kati ya ishirini wetu, wakarudi kumi na tisa.
Vichwa vidogo kama njugu,
na humo ndani paa lao, bomba la moshi, mlango wa bluu
vimekaa pale pale vilipo.
Ginter yeye alipotea kati ya choo na kitanda.

Jioni nilitoka kuchukua vidonge vya kupunguza uvimbe.
Foleni, mvua, basi namba tano halikuja.
Nilipofungua mlango alikuwa amesimama gizani,
koti juu ya pajama,
akitikisa kopo la shayiri.
"Umechelewa," aliniambia. "Wenzako wote wameshafika."
Akanyoosha kiganja.

Nilikuwa nimelowa chapachapa.
Nikainama, nikala,
punje baada ya punje.